Mstari Mmoja wa Mama

Jumamosi, tarehe 14 Juni.
Asubuhi ya mawingu, manyunyu hadi saa mbili, kisha jua.

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na watoto, na kwamba goti lako limeacha kukusumbua. Mimi huku sijambo; mafua ya juma lililopita yamekwisha. Utaona nimeanza na hali ya hewa kama mama. Mazoea yana tabu, ukiyarithi hayakuachi.

Barua yako niliipata Jumanne. Umesema unataka barua zote alizokuandikia mama zijalidiwe kitabu, wanao wamjue bibi yao, ukaniomba nakala za zile zilizopotea ulipohama nyumba. Zote zimo kwenye kompyuta yake, ile iliyo dirishani, juu ya meza ya cherehani.

Lakini kompyuta yenyewe imezeeka. Shule ninayoichapia mitihani huniletea mafaili ambayo kompyuta hii haiwezi kuyafungua. Nikamwita Fundi Miwani wa duka la simu, akaichungulia, akacheka, akasema mashine hii, dada, ni ya kuamkiwa shikamoo. Akanishauri niweke mfumo mpya wa kuiendesha kando ya ule wa zamani, kila mmoja na sehemu yake ya diski, kama wake wenza wenye milango tofauti: nikiiwasha, itaniuliza leo naingia kwa nani. Nikamwambia nitafanya mwenyewe, anipe flashi na maelekezo kwenye karatasi. Si bure ulinibandika jina la Karani.

Leo saa tatu asubuhi nikaanza. Kwanza nilifungua folda ya mama nikahesabu: barua mia moja na kumi na mbili, kila moja na tarehe yake. Nikamwona tena alivyokuwa akikaa pale baada ya kustaafu uchapaji, mgongo wima kana kwamba bosi yuko nyuma yake, macho nje, vidole vikienda vyenyewe. Ulikuwa ukimtania kwamba anachapa kama mvua juu ya bati, naye akikujibu kwamba afadhali mvua kuliko kuku anayedonoa kwa kidole kimoja. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikitulaza mchana utotoni, enzi za taipureta yake.

Kisha nikachomeka flashi. Mfumo mpya ukaniuliza swali moja tu: ukae kando ya ule wa zamani, au ufute diski yote? Kaka, nitakuambia kweli. Mshale wangu ulikaa juu ya kufuta mpaka chai ikapoa. Nakala nilikuwa sijatoa, mimi ninayetoa nakala hata za orodha ya sokoni. Ningekuandikia kwamba mashine imekufa na barua zake, nawe ungenipa pole. Fundi mwenyewe alishanionya kwamba wengi huharibu hapo hapo.

Sikufuta. Nilichagua kando, nikaumegea mfumo mpya robo ya diski, nikasubiri dakika hamsini. Sasa kompyuta ikiwaka inanipa sekunde kumi za kuchagua. Nimechagua upande wa zamani, na ndimo ninamokuandikia haya.

Barua kumi na tisa za mwisho si za mama. Niliziandika mimi.

Miaka ile miwili kabla hajafariki, mama alikuwa akisahau. Alianza na majina ya majirani, akaja kwenye funguo, mwisho akaniuliza kijana wa kwenye picha ukutani ni mtoto wa nani. Kijana yule ni wewe. Kila ulipopiga simu nilikuambia masikio yake yamechoka. Ulikuwa na kazi mpya na wifi ni mjamzito, nikajiambia nitaandika moja tu, nikachota habari na hali ya hewa kutoka kwenye shajara yangu. Ukajibu kwamba mama anazidi kuwa mtamu uzeeni. Nikashindwa kuacha. Hata zile nasaha za ndoa ni zangu, nami sijawahi kuolewa. Nisamehe.

Kwa hiyo kitabuni weka tisini na tatu. Ila ile ya mwisho kabisa usiitupe. Unakumbuka katikati yake kuna mstari wa asdf jkl asdf jkl, ukauliza kama tumeanza kufuga paka anayetembea juu ya kibodi? Siku ile niliiacha barua katikati, nikaenda jikoni kuepua maji. Niliporudi nilimkuta mama amekalia kiti changu, mgongo wima, macho dirishani, vidole vimekaa mahali pake vikichapa. Mstari ule ni zoezi la kwanza kabisa la wanafunzi wa uchapaji. Jina lako lilikuwa limemtoka, na langu pia, lakini vidole vilikuwa kazini. Nilisimama mlangoni mpaka alipochoka. Sikuthubutu kuufuta.

Barua zake, basi, ni tisini na tatu na mstari mmoja. Nakala zake zimo kwenye flashi nyingine niliyoifunga pamoja na karatasi hizi.

Msalimie sana wifi, na watoto wape busu la shangazi. Ukinikasirikia, nikasirikie kwa barua, niwe na kitu cha kusoma.

Ndimi mdogo wako,
Karani

Haya naongeza kwa kalamu: nimezima kompyuta na taa ya sebuleni. Naingia kulala saa tatu kasoro dakika kumi.