Mjomba Ananifundisha Kusafisha Picha

Nyumbani kwa Mjomba,
Chumba cha mbele,
Jumapili, baada ya chakula cha mchana.

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Hujambo wewe? Shemeji hajambo? Wapwa zangu wanaendeleaje na masomo, na yule mdogo, kikohozi kimemwacha? Huku sisi tu wazima. Mama watoto anakusalimu kwa mkono mmoja, wa pili umeshika mwiko. Mimi goti langu la kukanyagia cherehani linalalamika baridi ikizidi, lakini nimeshalizoea, silisikilizi.

Mjomba, baba yako, najua ndiye unayetaka habari zake kwanza, anaendelea vizuri. Anatembea kwa fimbo kutoka kitandani hadi barazani bila kushikwa, na ukijitia kumshika anakusukuma. Mdomo uliokuwa umekwenda upande umerudi mahali pake. Mkono wa kulia ndio bado mzito, ukiuinua unashuka wenyewe. Na maneno yanamkwama. Tangu kiharusi kimpige alikuwa amebaki na "ndiyo", "hapana", "hebu", na tusi moja ambalo siwezi kukuandikia siku ya Jumapili.

Uliniuliza kwenye simu mbona najibu kama mtu aliyemwagiwa maji. Dada, simu hiyo huwa mezani kwake na sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Kila neno lako na langu analisikia, halafu ananitazama. Ndiyo maana leo nimechukua kalamu.

Uliniomba nianze kufungasha. Ulisema chumba chake huko kwako kiko tayari, na nyumba hii tutafute mtu wa kuipanga. Wakati ule sikubisha. Niliona ni jambo la busara, nikaanza na mahali nilipodhani pangekuwa rahisi: kile chumba cha giza nyuma ya jiko, ambacho tangu afunge studio yake ya picha hakuna aliyeingia humo ila buibui.

Nilikuwa nimeshashusha trei na chupa, nahangaika na ile mashine ya kukuzia picha, ambayo ni nzito kama mtu mlevi, nikasikia fimbo inakuja. Mjomba akavuta stuli kwa mguu, akakaa mlangoni katikati kabisa, kama askari wa benki.

"Hapana," akasema.

Nikamweleza taratibu kwamba ni wewe umeomba, na kwamba hakuna kitakachopotea. "Hapana." Akanyoosha fimbo akagonga rafu ya juu, palipokuwa na kitu kimeviringishwa kwenye gazeti. "Hebu."

Kilikuwa ile taa yake nyekundu, ya kusafishia picha, isiyoziharibu karatasi. Nikaichomeka, ikawaka kana kwamba ilizimwa jana. Nilidhani akishaiona ataridhika arudi kulala. Wapi! Alizitazama trei, akanitazama mimi, akazitazama trei tena, na mtu yeyote angejua anachotaka. Niliyarudisha maboksi kwa mama watoto, akayatilia viazi.

Sasa nikueleze hii kazi, maana nadhani hata wewe uliyekulia humu hukuwahi kuruhusiwa kuingia. Kwanza chumba lazima kiwe giza kweli. Mimi nilifunga mlango nikasema tayari. Mjomba akangoja mpaka macho yakazoea, akaanza kuonyesha kwa fimbo: mwanga pale chini ya mlango, mwanga pale kwenye tundu la kitasa, mwanga pale bati lilipokutana na ukuta. Nikashona pazia la kitambaa cheusi, tabaka mbili, nikalipigilia misumari mlangoni. Kwa hilo tu sikukosolewa. Alishika mshono kwa vidole vya kushoto, akaitikia kwa kichwa kwamba sawa.

Dawa za zamani zilikuwa zimeharibika, nyeusi kama oili chafu. Mpigapicha mmoja rafiki yake, ambaye bado anawauzia dawa hizo wanafunzi wa chuo, alituletea mpya pamoja na karatasi. Trei ya kwanza ina dawa inayoitoa picha. Ya pili ni maji yenye siki, ya kuisimamisha isiendelee. Ya tatu ni dawa ya kuifunga isififie. Halafu unaosha kwa maji mengi na kuanika kwa vibanio, kama soksi. Negativu, yaani ile filamu ambayo cheupe huonekana cheusi na cheusi cheupe, unaiweka juu kwenye mashine, taa inaipitia na kuimwaga picha kwenye karatasi iliyo chini. Ukiizima, karatasi bado ni nyeupe, hakuna kitu. Ni mpaka uizamishe.

Picha yangu ya kwanza ilitoka nyeusi tii. Ya pili vilevile. Nilikuwa nimefungua pakiti ya karatasi taa kubwa ikiwaka, nikazikagua mojamoja kama mtu anayechagua kitambaa dukani, kumbe nazichoma zote kwa mwanga, maana karatasi hizi mwanga ndio unaozitia weusi. Mjomba alipoelewa nilichofanya, alicheka. Dada, alicheka mpaka machozi yakamtoka, akagonga fimbo sakafuni, mama watoto akaja mbio akidhani ameanguka. Tangu augue tulikuwa hatujaisikia sauti ile. Nilisimama pale na karatasi zangu nyeusi, sikuona hata haya.

Pakiti iliyofuata niliifungua kwa adabu. Zikaanza kutoka picha, lakini za kijivu, kama zimepigwa ndani ya ukungu. Mimi nilifurahi, nikamwinulia ya kwanza atazame. Akaikodolea macho. Akakusanya mdomo, akahangaika na pumzi, shingo ikamsimama mishipa.

"Tupa," akasema.

Nilimrukia nikamkumbatia. Neno jipya! Yeye hakuona cha kushangilia, alikuwa ananionyesha ndoo ya taka.

Basi ikawa kila siku baada ya chakula tunaingia humo. Mimi nashika, yeye anaamuru. Sekunde anazihesabu kwa kugonga fimbo, na nakuhakikishia saa haimshindi. Alinifundisha kutojitia ujuzi: kwanza kata kipande kidogo cha karatasi, kifunike kwa kadibodi, fungua kidogo, gonga, fungua tena, gonga, uone ni mwanga kiasi gani unaoufaa uso na kiasi gani unaoufaa ukuta. Hapo nilimwelewa upesi. Ni kama kumjaribisha mteja nguo kabla hujapiga mshono wa mwisho. Mama watoto anasema sasa nanuka siki mpaka kwenye mto, na wateja wananiuliza kama nimefungua duka la achari.

Katika saraka zake za negativu akanichagulia moja. Ni bibi harusi amesimama peke yake kwenye ngazi. Nilidhani kanionea huruma, kumbe kanitafutia balaa. Gauni jeupe, jua kali, na bibi harusi mwenyewe ni mweusi wa kung'aa. Nikiuachia mwanga wa kutosha gauni lionyeshe marinda, uso unazama gizani, huoni jicho wala pua. Nikipunguza mwanga uso upendeze, gauni linageuka shuka tupu. Na lile gauni, dada, limeshonwa na mtu anayejua kazi! Mimi nikawa nalipigania gauni, yeye anaupigania uso. Nikisema, "Mjomba, tazama mkono wa gauni ulivyokatwa," ananijibu, "Uso." Nikisema, "Lakini marinda haya," ananijibu, "Tupa." Tuligombana kweli. Kuna siku alitoka akaniacha humo peke yangu na chajio akakilia chumbani kwake.

Kesho yake alirudi na akili nyingine. Alinionyesha kwa kidole kwamba vyote viwili vinawezekana: uache mwanga uende kwa ajili ya gauni, ila katikati ya muda huo uukinge uso kwa kivuli. Nikakata duara la kadibodi nikalifunga kwenye waya, nikalishikilia juu ya uso, mkono wangu umetulia kama nauingiza uzi sindanoni. Picha ikatoka na uso mzuri, lakini kichwa kimezungukwa na mviringo mweupe, bibi harusi kama kavaa sinia. Nikarudia, nikatuliza mkono zaidi. Sinia likazidi kuonekana.

Mjomba akaguna. Akainuka kwenye stuli, akaegemea meza. Akaushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, hapa kwenye kifundo, akaunyanyua kama mtu anayepakia mzigo, akauingiza chini ya taa. Nilitaka kumzuia. Akanitazama, nikaacha. Kivuli cha kiganja kikaangukia pale pale usoni. Na kwa jinsi ulivyomlemea, mkono ukawa unatetemeka, haukai mahali pamoja hata kidogo. Fimbo alikuwa ameiacha, kwa hiyo nilihesabu mimi kwa sauti. Nikazima taa. Nikaizamisha karatasi.

Ngazi zikaja kwanza, halafu gauni, rinda baada ya rinda. Mwisho ukaja uso, mweusi, mzima, macho wazi, na hakuna alama yoyote kuzunguka kichwa. Kumbe shida ilikuwa kutulia kwangu. Kivuli kinatakiwa kitembee ili kisiache mpaka, na mkono wake ule hauwezi kufanya lingine ila kutembea. Mjomba aliinama juu ya trei akatazama. Nilingoja aniambie nitupe. Alikuwa ameshaushusha mkono wake mezani na anausugua taratibu, kama mtu anayempongeza ng'ombe.

Yule kijana wa mazoezi ya viungo, ambaye baba yako humfumbia macho na kujifanya amelala, nilimsimulia. Aliomba kuona. Baada ya kuona alisema kazi hiyo iendelee, maana mkono unanyanyuliwa kwa sababu mwenyewe anautaka, na mipira yake ya kuminya itafuata nyuma. Wiki hii vidole viwili vimeanza kushika kibanio. Havikikazi, lakini vinakishika.

Sasa kuhusu bibi harusi. Unamkumbuka mkunga wa nyumba ya kona, yule aliyekuwa akitufukuza kwenye maua yake? Ni yeye! Mimi sikumtambua, Mjomba ndiye aliyenielekeza kwa fimbo kwamba nimpelekee. Nilimkuta anapepeta mchele. Akavaa miwani, akaketi. Picha zake za harusi zote zilioza bomba lilipopasuka, na mumewe alishatangulia. Alijifunga kanga akaja moja kwa moja hapa barazani.

"Hivi huyu ni mimi?" akamwuliza baba yako. "Mbona nimekasirika hivi siku ya harusi yangu? Watu si watasema nililazimishwa!"

Mjomba akahangaika na mdomo. Tukangoja. Hakuna aliyemsaidia, nashukuru.

"Viatu," akasema.

Mkunga alipiga kelele. "Viatu! Vilikuwa vya dada yangu, vinanibana mpaka utosini! Na wewe ulikuwa unaniambia tabasamu, tabasamu!" Akacheka akalia, akakaa nasi mpaka chai ikaisha. Tangu siku hiyo watu wa mtaa wanakuja kuulizia picha zao za zamani, na baba yako anawapokea barazani akiwa amevaa shati la kufunga vifungo.

Mambo mengine si makubwa. Bati la jikoni limezibwa. Mama mdogo alikuja akakaa nasi siku chache, akatugombeza sote, akaondoka na nguvu zake. Msimu wa sare za shule umeanza, kwa hiyo cherehani haipumziki.

Sasa swali lako. Niliona si haki mimi na wewe tuendelee kulijadili wakati mwenyewe yupo. Jana mchana tulipokuwa tunaosha trei nilimwuliza bila kuzunguka.

"Mjomba, unataka kwenda kukaa kwa binti yako?"

Maji yakaendelea kutiririka. "Aje," akasema.

"Aje akuchukue?"

"Hapana." Akavuta pumzi. "Aje. Akae. Nimpige."

Dada, nilifunga bomba. Niliwaza mengi kwa mara moja. Niliwaza juu ya miaka uliyokaa bila kurudi, na zile simu zenu fupi, nikajua leo nimeyafukua makubwa.

"Umpige, Mjomba? Amekukosea nini?"

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga. Akaushika tena mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, akaupandisha taratibu, ukitetemeka, mpaka ukafika usoni. Akafumba jicho moja. Na kidole cha shahada, kile ambacho madaktari walisema tusikitegemee, kikashuka chini kidogo, kikabonyeza.

Basi mimi sifungashi, dada. Ukinilazimisha nitafungasha, maana wewe ndiwe mwanawe, lakini uje kwanza uyaone haya kwa macho yako. Omba ruhusa kazini, utukute barazani. Vaa nguo unayoipenda, ukae pale kwenye kiti mbele yake, utulie, upigwe.

Msalimie sana shemeji, na wapwa zangu mmojammoja, mkubwa mpaka mdogo. Mama mdogo aliniachia salamu zako, na mkunga wa kona naye anakusalimu. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake na akufikishe salama.

Mimi nikupendaye bila kupungua,
Ndugu yako,
Fundi Cherehani.