Nyumba ya Kuona Bahari

Baba watoto,

Salamu zikufikie huko melini. Sisi wazima, na nyumba nimeshanunua.

Dalali aliapa kwamba ukiwa kitandani unaiona bahari. Chumba kilikuwa kitupu, kwa hiyo nikajilaza sakafuni nihakikishe. Nikaona tangi la maji la jirani.

"Sogea kidogo kushoto, mama," akasema.

Nikasogea. Naye akajilaza pembeni, tai shingoni, ili anielekeze kwa kidole. Tulisogea na kusogea mpaka vichwa vyetu vikatokeza mlangoni, na hapo ndipo mzee anayeuza nyumba alipotukuta. Masikini, akauliza kama atuitie daktari. Nilicheka hadi mbavu zikauma. Dalali yeye akajipangusa vumbi, akasema bahari ipo, ila leo imejificha.

Nimeipenda hivyo hivyo. Jikoni upepo unaingia, binti zako wana chumba chao, na hakuna tena wa kutuambia tuhame.

Siku ya kutia saini, karani aliniuliza mume wangu anarudi lini. Nikajibu, "Mwezi ujao." Binti yetu mkubwa akanitazama, kisha akatazama chini. Jibu hilo nimewapa watu miaka mitatu sasa.

Karani akauliza aandike majina mangapi kwenye hati.

Nikamwambia moja.

Usinikasirikie. Ukija, piga hodi kama mgeni yeyote. Nitafungua.

Mimi,
Mama wa binti zako