Ngiri ya Mwalimu Njue

Laare,
9 Februari 2025

Mpendwa Baba,

Salamu nyingi kutoka huku Nyambene. Mimi ni mzima, ila miguu inauma kwa kusimama. Wewe je, hujambo? Shangazi Felicitas naye? Yule ng'ombe aliyekuwa anampiga ndama wake mateke ametulia? Nakuandikia kwa sababu simu umeizima tena, na najua nikikuuliza utasingizia betri. Binamu Gedion ameleta nyanya sokoni leo, kwa hivyo barua hii itarudi Embu na lori lake.

Baba, nimechaguliwa kusomea upasuaji. Usianze kunitafutia sanduku la safari, siendi popote. Mwalimu wangu, Daktari Lorna, yuko Nairobi, nami nasomea hapa hapa hospitalini kwetu pamoja na Daktari Kiunga, kijana wa Kiirua. Juu ya meza ya upasuaji kuna kamera. Daktari Lorna anaiona mikono yetu kwenye skrini yake, na sauti yake tunaisikia kwenye spika. Akitaka tukate mahali fulani, anachora mstari kule na sisi tunauona huku.

Mgonjwa hatumgusi kabla hajaridhika. Kwanza tunashona utumbo wa mbuzi, tunajirekodi kwa simu, tunamtumia video, anaikosoa. Muuza nyama wa hapa sokoni anaamini kwamba mimi napika mutura, ile soseji ya utumbo, kila siku. Juzi Daktari Lorna aliikataa kazi yangu yote akaniambia nirudie. Nilirudia, Baba. Nitarudia mpaka achoke kunikosoa.

Ni mimi bintiyo,
Wawira

Manyatta,
20 Februari 2025

Kwa mama yangu Wawira,

Barua imefika na tumefurahi. Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Ng'ombe ametulia, aliyebaki na mateke ni shangazi yako. Mvua bado, lakini makadamia zimezaa vizuri. Kahawa mwaka huu nimewaachia vibarua wachume, mimi nasimamia tu.

Sasa kuhusu huyo mwalimu wako wa kwenye spika. Nimefundisha shule ya msingi mpaka nikastaafu, na sijawahi kumfundisha mtoto nisiyemwona akipiga miayo. Zamani walituletea masomo kwa redio. Redio ilisema, watoto wakalala, nami nikalala nao. Je, mtandao ukikatika mgonjwa akiwa wazi mtafanya nini? Mtamfunika shuka mngoje mnara upone?

Usidhani nakuvunja moyo. Nauliza kama mwalimu. Nijibu kama mwanafunzi, kwa sentensi kamili.

Babako,
Mwalimu Njue

Laare,
16 Machi 2025

Mpendwa Baba,

Shikamoo, na pole kwa kungoja jibu. Nyote mko salama? Mimi niko salama mwilini.

Nakujibu kwa sentensi kamili. Mtandao ukikatika, mikono iliyokwisha kufundishwa inaendelea. Ndiyo maana tunarudia sana, na ndiyo maana tuko wawili mezani, mmoja akisita mwenzake yupo.

Ila nilitaka kukuambia jambo jingine. Wiki jana tuliletewa mkulima mmoja wa miraa, mtu mzima wa makamo yako. Alikuwa na ngiri kwa miaka mingi na alimficha hata mkewe. Asubuhi hiyo utumbo ulitoka, ukabanwa, haukurudi tena. Ukikaa hivyo unaoza. Mimi na Kiunga tulikuwa hatujaruhusiwa kumpasua mtu wa namna hiyo, tukamtia kwenye ambulensi apelekwe Meru mjini. Hakufika. Mkewe alirudi kuchukua koti la mumewe lililobaki kwenye benchi, akanishukuru. Alinishukuru, Baba! Nililia chooni, kisha nikanawa uso nikarudi kwenye utumbo wa mbuzi.

Ugonjwa huu unatibika kabla ya chakula cha mchana. Kinachoua ni aibu na barabara. Barabara siiwezi, lakini nimeapa kwamba mgonjwa wa ngiri hataondolewa tena hapa kwa kukosa mtu wa kumshona.

Niandikie upesi.

Bintiyo,
Wawira

Laare,
27 Aprili 2025

Mpendwa Baba,

U hali gani? Nauliza kwa sababu sijui. Pasaka imepita bila neno lako. Gedion anasema uliichukua barua yangu ya Machi, ukaisoma ukiwa umesimama, ukaingia ndani bila kumuaga.

Kwanza habari njema. Sasa tunapasua ngiri wenyewe. Mgonjwa wa mwisho Daktari Lorna alitutazama tu mwanzo hadi mwisho, hakuchora hata mstari mmoja.

Sasa jambo lililonifanya nishike kalamu. Shangazi amenipigia simu. Anasema amekuona mara nyingi umelala chali katikati ya mibuni, unasukuma kitu kwenye kinena mpaka kirudi, halafu unainuka unajipangusa kama mtu aliyeteleza. Kwa hiyo hiyo ndiyo sababu vibarua wanachuma.

Baba, una ngiri. Nimeliandika neno lenyewe kwa sababu yule mkulima wa miraa hakuwa na wa kumwandikia. Nenda hospitali ya Embu wiki hii, tafadhali. Nakupenda na ninaogopa.

Bintiyo,
Wawira

Manyatta,
4 Mei 2025

Wawira,

Shangazi yako nitamalizana naye.

Tangu lini binti akamwandikia babake kuhusu kinena? Mimi na wewe ni watu wa Embu. Mamako, Mungu amrehemu, aliniosha nilipougua malaria, na hata yeye alifunga mlango. Binti hauoni uchi wa babake wala hautaji. Wazee waliliita mugiro, yaani mwiko, na kuokoka kwetu hakujaondoa haya.

Unaniambia niende Embu mjini. Unajua ni nani wamejaa pale? Wanafunzi wangu. Nesi wa mapokezi nilimfundisha kusoma. Daktari wa zamu nilimchapa kwa kuiba maembe ya shule. Nikawavulie suruali hao? Kesho yake mji mzima utajua Mwalimu Njue ameumbwaje.

Na kwako ndiko kubaya zaidi. Jambo hili limekwisha.

Babako

Laare,
11 Mei 2025

Mpendwa Baba,

Nakusalimu hata kama wewe hukunisalimu. Hasira yako nimeisoma yote, mara mbili, na bado nakuandikia. Ukaidi huu sikuuokota njiani, nimeurithi kwako.

Sikudharau, Baba. Nami ni Mwembu, na hata kanuni za kazi yetu hazipendi daktari ampasue mzazi wake. Kwa hivyo sikiliza mpango wangu. Atakayekupasua ni Kiunga. Hajawahi kuketi darasani kwako, na maembe yako hajaiba. Mkono wake naujua kama wangu kwa sababu tumejifunza pamoja. Daktari Lorna ataona kwa kamera sehemu ndogo tu isiyofunikwa na shuka, jina lako hataliona. Mimi nitakaa nje, nyuma ya mlango, na siku hiyo sitakaribia skrini yoyote. Utafungwa bandeji na kuvishwa kabla sijaingia.

Kama unataka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa hai. Nitakuandikia kila Gedion akija sokoni mpaka ukubali, na karatasi ninazo nyingi.

Bintiyo,
Wawira

Manyatta,
30 Mei 2025

Mama Wawira,

Hatujambo. Nimepokea barua zako zote, hata ile yenye neno moja tu, «Njoo».

Juzi kitu hicho kilichelewa kurudi. Nililala kwenye mibuni nikatokwa na jasho baridi, nikamkumbuka yule mtu wa koti. Nitakuja na Gedion siku ya soko. Huyo Kiunga asinipigie hadithi, afanye kazi. Na wewe ubaki nyuma ya mlango kama ulivyoahidi.

Babako,
Mwalimu Njue

Manyatta,
22 Juni 2025

Mama yangu Wawira,

Nakusalimu kwa upendo mwingi. Natumaini hujambo, na Daktari Kiunga pia. Kidonda kimefunga vizuri. Natembea hadi barabarani na kurudi, na shangazi yako ananifuata nyuma akidhani simwoni.

Siku zote nilizolala hapo kwenu sikukuambia neno juu ya yaliyotokea, na wewe hukuuliza. Mdomo wangu ulikuwa mzito. Kwenye karatasi nitaweza.

Ile sindano ya ganzi ya mgongo iliua miguu lakini masikio iliniachia. Waliniwekea shuka mbele ya uso. Nilimsikia Kiunga akisemezana na mwalimu wenu, naye akimwambia pole pole, vizuri, endelea. Nikajiambia, huyu mama anajua kufundisha. Halafu spika ikakwaruza, ikanyamaza. Kiunga akaita, «Daktari Lorna? Halo?» Sista akasema mtandao umeenda. Kiunga akasema, «Utumbo umeshikana na kifuko cha ngiri. Najua la kufanya, lakini sitaukata bila macho ya pili.» Akasimama. Alifanya vyema kusimama, na nikaogopa kama sijawahi kuogopa.

Viatu vyako nilivisikia nyuma ya mlango, huku na huku. Nikaita kwa sauti ile ya darasani, «Wawira! Ingia!» Viatu vikasimama, mlango haukufunguka. Nimeita wanafunzi maisha yangu yote na wewe ndiye wa kwanza kukataa. Nilielewa. Ulikuwa unanitunzia heshima yangu, na heshima hiyo ilikuwa karibu kuniua.

Ndipo nikakumbuka nimekupa jina la nani. Wawira ni jina la mama yangu mzazi. Desturi ile ile iliyokuzuia kuniona ndiyo inayosema kwamba wewe ni mama yangu, na ndivyo nilivyokuita tangu ulipokuwa kwenye nepi. Mama gani hajamwona mwanawe? Nikasema kwa Kiembu, kwa nguvu, hata sista akashtuka, «Mama, ingia uniangalie.»

Ukaingia. Hukusema na mimi. Ulisema, «Kiunga, shika hapa. Taratibu. Nimeona, kata upande huu.» Nililia chini ya shuka, na yule sista akafikiri ni maumivu akaniongezea dawa. Haikuwa maumivu. Nilijivuna mpaka kifua kikaniuma, mama.

Mtandao uliporudi mlikuwa mnashona. Nilisubiri mwalimu wenu aseme kitu. Hakusema. Mwalimu akinyamaza namna ile, mimi najua maana yake. Mpe salamu zangu, na umwambie nimeyafuta maneno yangu ya redio.

Jumapili nilisimama kanisani kutoa shukrani. Sikusema «ugonjwa fulani». Nilisema ngiri, nikasema mahali ilipokuwa, nikasema walionitibu ni binti yangu na mwenzake. Shangazi yako alijifunika uso kwa leso. Mchungaji akaanzisha wimbo haraka.

Jioni yake Munyi, mkulima mwenzangu, akaja hapa, akazungumzia mvua kwa muda mrefu, kisha akasema ana jirani yake mmoja anasumbuliwa na kitu kama hicho na anaona haya kusema. Nikamwambia amlete. Kesho yake akaja Ishmael, mzee wa kanisa. Naye ana jirani.

Mama, Munyi na Ishmael wamepakana shamba. Ninakuja nao siku ya soko. Tayarisha vitanda viwili.

Babako akupendaye,
Mwalimu Njue