Filamu Isiyo na Damu

Kambi Muru, Kibera
Jumatatu jioni

Dada Nekesa,

Habari za nyumbani? Goti la mama limepoa, au bado analifunga majani na kukataa kwenda zahanati? Mimi niko salama. Kazi ya useremala kule Kawangware inaendelea, na vumbi la mbao limeshanizoea. Ningekupigia simu, ila wewe hunikatiza kabla sijafika katikati, na habari hii inataka kusikilizwa yote.

Unajua kila Jumapili alasiri nasimulia filamu kwenye chumba cha video cha Mzee Ramadhani, yule Mnubi mwenye nyumba ninayopanga. Filamu ni za kigeni. Mimi ndiye dijei wao: nashika maikrofoni, nawaeleza watu kwa Kiswahili chetu nani anasema nini, na wahusika nawapa majina ya kwetu. Anayesimulia hanyamazi hata kidogo. Watu wamelipia sauti.

Maoni yangu juu ya filamu hizi naandika katika shajara. Za uhalifu nazipenda za nchi za baridi, ambako mpelelezi anaongea kidogo na mwizi ana mke anayemchosha. Za kutisha sizidharau, lakini zinahitaji nyumba yenye vyumba vingi. Jini la Kijapani likija Gatwekera hapa Kibera litakosa pa kusimama, na jirani ataliuliza kama limekuja kwa mkutano wa chama. Zinazonikaa moyoni ni drama, ambapo mtu anakunja nguo tu na wewe unajua ndoa imekwisha.

Sasa Mzee Ramadhani alitaka kuupa mpira Jumapili yangu. Nikamwomba nionyeshe kwanza drama moja ya Argentina.

"Wafula, hawa wanataka damu," akasema. "Wakitoka, hiyo maikrofoni naifungia kabatini."

Katika filamu hiyo, dada anajua kwamba kaka yake ndiye aliyeiba dukani na kumvunja mlinzi mkono. Ameitwa mahakamani kutoa ushahidi. Anakaa kwenye benchi nje ya mlango, muda mrefu, haongei. Nilikuwa nimempa jina la Nafula. Nikafungua mdomo nimtungie mawazo, kama kawaida, halafu nikaona chochote nitakachosema kitakuwa uongo. Nikaishusha maikrofoni.

"Dijei, kwani umelala?" mmoja akapaza sauti kutoka nyuma.

"Maiki imekufa. Turudishiwe pesa."

Vijana wawili wakasimama. Mzee Ramadhani alikuwa mlangoni, ananitazama. Bado nikanyamaza.

Ndipo mama mmoja anayeuza nguo Soko la Toi akasema kutoka mbele, "Kaeni chini bana. Hamuoni Nafula anafikiria?"

"Anafikiria nini? Ni kaka yake. Hawezi kumchoma kwa hakimu," akasema kijana mmoja.

"Atasema."

"Wewe ungesema?"

"Mimi? Vile namjua brathe wangu, ningesema hata kabla niulizwe."

Wakacheka. Kisha yule mama akauliza, "Na huyo mlinzi, yeye hana dada?"

Waliosimama wakaketi. Mlango wa mahakama ulipofunguliwa na Nafula akainuka, chumba kizima kiliinamia skrini, na filamu ikaisha hapo, kabla hajasema neno. Watu walitoka wakibishana. Niliwasikia mpaka kona ya choo cha kulipia.

Mzee Ramadhani alibaki.

"Alisema au hakusema?"

"Haionyeshi, Mzee."

Akakuna ndevu. "Mpira utakuwa wa Jumamosi. Wewe tafuta nyingine isiyoonyesha."

Nisalimie mama, na mumeo mwalimu, na shangazi anayekaanga samaki sokoni. Mjomba aliyetuwashia televisheni kwa betri ya gari mwambie bado naangalia kwa makini.

Nawe, dada, fikiria kabla ya kunijibu. Ukiwa kwenye benchi ile, na mwizi ni mimi, ungesema? Usinionee huruma.

Ni mimi ndugu yako,
Wafula