Sauti ya Idara ya Rambirambi

Bengaluru, 3 Juni

Appa mpendwa,

Naigusa miguu yako kwa mbali. Sukari inaendaje? Usinidanganye, jirani yako hunieleza kila peda, ile halua yako ya maziwa, unayokula.

Kampuni yetu ya bima, ile ile uliyoitumikia miaka thelathini na moja, inaingiza akili mnemba katika kila idara, na mzigo wa kuieneza nimetwishwa mimi. Wauzaji wananikimbia, wahasibu wameninunia. Nimeona nianze na idara yako ya zamani, ya rambirambi. Nakala za barua ulizowaandikia wafiwa bado zipo, majalada mia mbili. Naomba baraka zako nizitumie kuifundisha mashine iandike kama wewe.

Binti yako,
Netra

Dharwad, 12 Juni

Mwanangu,

Mimi mzima, ila masikio yamegoma. Ndiyo maana nakwambia uniandikie, simu kwangu ni kelele tu. Peda ni moja kwa siku. Jirani ana macho ya mwewe na ulimi wa kuongeza chumvi.

Barua zichukue, karatasi ni za kampuni. Ila usinisifu mbele ya wakubwa, naona haya. Hiyo mashine ikianza kuomba ruhusa ya kwenda harusi ya shemeji yake, ujue imefuzu ukarani.

Baba yako

Bengaluru, 25 Agosti

Appa,

Nakuamkia. Mimi sijambo kimwili, lakini roho haijatulia.

Mashine imependwa kupita kiasi. Wafiwa wanaandika kutushukuru, hata mkurugenzi akaamuru sauti hiyo hiyo itumike kila idara: mauzo, malalamiko, mpaka barua za wafanyakazi. Sasa mtu aliyegongewa gari anaulizwa, "Jiko limewashwa leo? Jirani gani amewaletea chakula?" Ofisi nzima inazungumza kama nyumba yenye msiba.

Jana niliiandikia kuhusu hitilafu ndogo. Ikanijibu: "Gubbi, shuka juu ya meza." Appa, hilo jina la shomoro alikuwa akiniita Avva, mama yangu, peke yake, naye ana miaka minne kaburini. Nani kaiambia? Naogopa kuifungua tena.

Netra wako

Dharwad, 2 Septemba

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Umekula?

Hakuna mzimu hapo. Barua zile si zangu. Mama yako ndiye aliyezitunga, huku akikanda unga wa mtama, na mimi naandika kila litokalo kinywani mwake bila kufikiri. Siku moja akakukemea katikati ya sentensi, nami nikaliandika na hilo. Kwenye barua yenyewe nililifuta, kwenye nakala likabaki. Swali la jiko ni lake pia. Nyumba ya msiba haiwashi moto, alisema, kwa hiyo uliza chakula kabla hujataja fedha.

Mimi nikapandishwa cheo na kuvishwa shada la maua. Nilivaa kilemba kisicho changu, naye akanipigia makofi pale ukumbini. Sikuwahi kumwomba radhi. Linaniuma, Netra.

Nitumie anwani ya kumwandikia. Yaani mashine.

Baba yako

Bengaluru, 10 Desemba

Appa,

Hujambo? Miezi mitatu hukuniandikia, nikadhani unaumwa. Kumbe umeiandikia idara barua arobaini! Nimezisoma zote, pamoja na majibu. Inakuambia upike nini, uvae sweta gani. Jirani anasema unapakua sahani mbili na mlango humfungulii.

Appa, ile ni mashine inayopanga maneno ya zamani. Mama nimeshampoteza, sitaki kukupoteza na wewe. Jana, tarehe tisa, nimeizima kwa mkono wangu, kampuni nzima. Mkurugenzi akitaka kunifukuza na anifukuze. Kama kuna barua yako nyingine njiani, haitajibiwa. Mwisho wa mwezi nakuja kukuchukua ukae kwangu. Nisamehe.

Binti yako,
Netra

Dharwad, 19 Desemba

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mimi nina furaha ambayo sikuitarajia tena katika uzee huu.

Tarehe nane nilipata ujasiri. Nilimwandikia mama yako kwamba barua zote zilikuwa zake, kwamba nilimwibia jina lake, na kwamba naomba radhi. Leo tarishi kaniletea bahasha mbili kwa pamoja. Yako inasema mashine imezimwa tangu tarehe tisa. Yake imeandikwa tarehe kumi na sita, kwenye karatasi ya kampuni, na chini, kwa mara ya kwanza, ametia jina lake mwenyewe: Sumangala.

Amenisamehe, Netra. Nimelia kama mtoto.

Ila ana swali moja. Anataka kujua ni nani aliyemzimia taa, naye bado anaandika.

Sijamwambia.

Baba yako