Kilichokuwa ndani ya kofia ya Saidi

Jumamosi, saa kumi na moja jioni. Mvua imekatika, uani kumejaa tope, nami naandikia magotini. Daftari langu, nisamehe mwandiko wa leo.

Nilitaka kumpigia mume wangu pasi kofia. Basi, hilo tu. Jirani anamwoza binti yake kesho, nami sikutaka Saidi akae mkekani na kofia iliyonyong'onyea. Kofia yake huifua na kuinyoosha mwenyewe, hataki niiguse, na miaka sita yote nimedhani ni maringo ya wanaume. Alikuwa bafuni anaoga. Makaa yamekolea, pasi ya moto iko mkononi, nanyoosha ukingo kwa kidole ili nianze. Kidole kikagusa kitu kilaini, kama ugali uliolala, kimeviringishwa karatasi na kusokomezwa katikati ya tabaka mbili za kitambaa.

Saidi akatoka na povu masikioni. Hakupiga kelele. Alinijia polepole kama mtu anayetaka kukamata kuku, akanitwalia pasi mkononi, akaenda kuiweka mbali, kule kwenye ukuta wa jirani. Kisha akakaa kwenye tope na msuli wake safi.

"Ni baruti," akasema.

Baruti, juu ya meza ya chakula.

Huja nayo kila Ijumaa kutoka machimbo ya mawe kule Pugu, anakofanya kazi ya kutega baruti. Anasema wenzake wote hufanya hivyo. Eti ndani yake mna glisirini, tamu kama sukari, iliyokutanishwa na tindikali hadi ikageuka kitu kingine. Ikilipuka inapasua jabali. Ikipata jasho la kichwa inapenya ngozini, inaingia kwenye damu na kutanua mishipa. Mwili ukishaizoea hauna neno. Ukiikosa siku mbili za kupumzika, Jumatatu unairudia kama mgeni, kichwa kinakupasuka hadi unatapika. Ndiyo maana wanaficha kipande kwenye kofia, ili mwili usisahau.

Nilimtukana. Sijawahi kumtukana mume wangu, leo nimemtukana mpaka jirani akafunga dirisha. Nilimuuliza kama angenizika vipande vipande kwa ajili ya kichwa chake cha Jumatatu. Alivaa, akachukua baiskeli ili airudishe baruti machimboni.

Mlangoni akajitetea kidogo. "Ndiyo maana sikutaka uiguse. Asiyeizoea, akilala nayo chumba kimoja tu, kichwa, moyo mbio, kichefuchefu."

Akaondoka. Hakujua amesema nini.

Zamani aliitundika barazani; miezi miwili sasa kofia ile hulala kwenye msumari, juu ya mto wangu.

Nikalifungua daftari hili nikarudi nyuma, ukurasa baada ya ukurasa. Jumamosi, kichwa. Jumapili, moyo mbio na kichefuchefu. Jumanne, mzima. Jumamosi, kichwa tena. Miezi miwili hiyo, nimeyaandika mwenyewe kwa furaha, na pembeni nimechora viua kama mtoto wa shule. Siku zangu hazijawahi kueleweka, kwa hiyo zilipochelewa nikaamini. Baada ya miaka sita, nani asingeamini?

Nilimwambia mama mkwe. Ameshaleta kanga kuukuu za kukatia nepi, ziko chini ya godoro, upande wangu. Saidi naye tangu nimwambie haniachi nichote maji. Ndoo zote anabeba yeye, anapiga na mluzi.

Bado hajarudi. Akirudi nitamtazama vipi, sijui. Hasira zimekwisha, zimeniachia woga mtupu.

Kofia nimeifua mara tatu. Mito nimeitoa nje, na leo tunalala chumba cha mbele, hewa safi, hakuna kitu msumarini.

Kila Jumapili huamka naumwa. Ee Mola wangu, na kesho niamke naumwa.