Mkuu Akichungulia, Usinyanyuke

Mjukuu wangu Rehema,

Marahaba, ingawa hujaniamkia. Umenizidi umri, ila kwa ukoo babu ni mimi. Huku Mafiga wazima, na mama yangu bado ananifokea.

Unauliza kama uache kuwatumia wanafunzi somo kwa video wasome nyumbani, darasani wafanye majaribio tu, kwa sababu walimu wenzako wanakuita mvivu. Kabla sijaacha shule, mwalimu wetu wa fizikia alifundisha hivyohivyo. Siku moja mkuu wa shule akachungulia dirishani.

“Mwalimu, mbona umekaa?”

“Somo wameshalipata nyumbani, mkuu. Sasa wanafanya.”

Niliyonakili ubaoni nimeyasahau yote. Siku ile niliwasha balbu mwenyewe, na leo nusu ya nyumba za mtaa huu waya nimefunga mimi.

Kwa hiyo kesho kaa kitini, wenzako wanune wanavyotaka. Wa kusimama kwa ajili yake ni mimi tu, babu yako.